Vivimbe saba vilinywea, kimoja kikarudi

Desemba 2016 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kisa cha mgonjwa mmoja. Alikuwa mwanamke mwenye saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kuhamia mapafuni, na picha za CT zilionyesha vivimbe saba. Madaktari wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, Bethesda, walimrudishia mwilini seli zake mwenyewe za kinga baada ya kuzizalisha kwa wingi maabara. Vivimbe vyote saba vilinywea. Miezi tisa baada ya tiba akapimwa tena, na kimoja kati ya vile saba kilikuwa kimeanza kukua upya.

Hapo ndipo kisa hiki kinaponishika. Mgonjwa ni yule yule, seli za kinga ni zile zile, na damu iliyozibeba ilipita kwenye mapafu yote mawili. Kama tatizo lingekuwa udhaifu wa seli hizo, au mwili uliochoka, tungetarajia vivimbe vingi virudi. Kilirudi kimoja. Jibu basi lilipaswa kutafutwa ndani ya kivimbe chenyewe, kwenye jeni zake. Madaktari wakakikata, wakazisoma.

Nitafika kwenye walichokikuta. Lakini kurudi kwa kile kimoja hakuelezeki mpaka tujue seli za kinga ziliona nini kwenye vyote saba hapo mwanzo.

Herufi moja

Jeni ya KRAS imo kwenye kromosomu ya 12. Protini yake ni swichi ya ukuaji: amri ya kugawanyika ikija inawaka, kazi ikiisha inajizima. Katika saratani ya mama huyu, herufi moja ya DNA ilikuwa imebadilika, G ikawa A, na kwa sababu hiyo asidi amino ya 12 katika mnyororo wa protini, ambayo kwa kawaida ni glisini, ikawa asidi aspatiki. Wataalamu huyaandika mabadiliko hayo kwa kifupi: G12D. Swichi ya namna hiyo ikiwaka haizimiki kwa urahisi, na seli huendelea kugawanyika bila kutumwa na mtu. KRAS hubadilika katika takriban 40% ya saratani za utumbo mpana, na G12D ndiyo sura inayoonekana mara nyingi zaidi.

Sasa, protini ya KRAS hukaa ndani ya seli. Seli T, ambazo ndizo askari wa doria wa kinga, haziwezi kuchungulia ndani. Zinategemea desturi moja ambayo karibu seli zote za mwili huifuata. Seli hukatakata protini zake za ndani kuwa vipande vidogo vya asidi amino nane hadi kumi hivi, kisha huvitoa nje na kuvionyesha kwenye ngozi yake. Mfikirie mchuuzi anayepita mtaani na sinia kichwani: huwezi kujua ghalani kwake kuna nini, lakini unaona alichokipanga juu ya sinia. Sinia hilo linaitwa HLA, na jeni zake zimekaa kwenye kromosomu ya 6. Kila mtu amerithi masinia ya aina tatu kuu, A, B na C, kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama, kwa hiyo anaweza kuwa na aina sita tofauti. Kila aina ina mashimo yake, na kipande kisichoingia kwenye mashimo hayo hakikai. Kinadondoka kabla hakijaonekana na yeyote.

Hii ndiyo sababu wagonjwa wawili wanaweza kuwa na G12D ile ile, na kinga ya mmoja ikaiona ilhali ya mwingine haioni kitu. Mabadiliko ya jeni peke yake hayatoshi, sinia nalo lazima liafiki.

Mama huyu alikuwa na sinia liitwalo HLA-C*08:02, na kipande cha KRAS chenye G12D kilikaa juu yake barabara. Miaka michache baadaye wanasayansi walipoichunguza sura ya kipande hicho kwa undani, waliona kilichokishikilia. Asidi aspatiki, ile ile iliyoletwa na herufi iliyokosewa, ina chaji hasi, nayo inashikana na arginini yenye chaji chanya iliyomo ndani ya sinia. Glisini ya kawaida haina chaji ya kushika. Kwa hiyo kipande cha KRAS ya kawaida hakitulii pale, na kile cha KRAS iliyoharibika kinatulia. Kosa lililoipa saratani nguvu ya kukua ndilo lililotengeneza ndoano ya kuitundika saratani hiyo hadharani. Nimeisoma sehemu hii mara nyingi na bado inanigusa.

Kwa vile kipande cha kawaida hakikai vizuri juu ya sinia lile, seli T zinazokitafuta kipande chenye G12D hazina sababu ya kushambulia utumbo usio na saratani, ini au mapafu yenyewe. Shabaha ipo kwenye saratani tu. Katika tiba ya saratani, ambako tumezoea dawa zinazopiga kizima na kigonjwa pamoja, jambo hilo ni kubwa.

Kuziuliza seli zenyewe

Steven Rosenberg na wenzake wa Bethesda wana historia ndefu ya kutumia seli T zinazopatikana ndani ya uvimbe. Tangu mwaka 1988 walikuwa wameonyesha kwamba seli hizo zikikuzwa maabara na kurudishwa mwilini zinaweza kunywesha melanoma, saratani ya ngozi yenye mabadiliko mengi ya jeni kwa sababu ya jua. Swali lilikuwa kama saratani za utumbo, ambazo mabadiliko yake mara nyingi ni machache, zina kitu chochote cha kuonwa.

Eric Tran, aliyeongoza uandishi wa kisa hiki, na wenzake walifanya kazi inayohitaji subira. Walisoma DNA ya saratani na ya seli za mgonjwa zisizo na saratani, wakaorodhesha kila mahali palipotofautiana. Wakatengeneza vijisehemu vya jeni vyenye makosa hayo, wakaviingiza kwenye seli zake mwenyewe za kuonyesha vipande, kisha wakaziweka mbele ya seli T zilizotolewa kwenye vinyama vya saratani yake na kukuzwa. Kundi lililostuka ndilo lenye jibu. Hawakubahatisha shabaha kwa hesabu za kompyuta. Waliziuliza seli zenyewe zinakijua nini. Nazo zikajibu: tunakijua kipande cha KRAS G12D, tukikiona juu ya HLA-C*08:02.

Mgonjwa alipewa kwanza dawa za kemo, saiklofosfamaidi na fludarabini, ili kupunguza seli nyingine za kinga na kuzipisha zile zinazokuja. Kisha akatundikiwa dripu yenye takriban seli bilioni 148. Kati ya hizo, takriban bilioni 111 zilikuwa za koo nne tofauti za seli T, kila ukoo na kipokezi chake, yaani protini ambayo seli T hukitambulia kipande, lakini zote zikilenga kitu kimoja. Baada ya hapo akapewa IL-2, protini ya kuzichochea.

Koo nne, shabaha moja, sinia moja. Likumbuke hilo, kwa sababu ndipo palipokuwa na mwanya.

Mmoja kati ya 33

Ili kuona jinsi kisa hiki kilivyo cha pekee, turudi nyuma kidogo hadi Johns Hopkins, Baltimore. Dawa za kufungulia breki ya kinga, zile zinazozuia PD-1, zilipojaribiwa mwanzoni, wagonjwa 33 wa saratani ya utumbo mpana walizipokea. Aliyeitikia ni mmoja tu. Wengi wangeishia hapo na kusema dawa haifai kwa ugonjwa huu. Watafiti wakamtazama yule mmoja: saratani yake ilikuwa imepoteza mfumo wa kusahihisha makosa ya DNA.

Mfumo huo unaendeshwa na protini ambazo kuu ni nne, MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Kazi yake ni kama ya mhakiki wa maandishi anayefuata nyuma ya mwandishi. Mahali penye herufi zinazojirudia, tuseme A kumi mfululizo kama zilizopo kwenye jeni ya TGFBR2, mashine ya kunakili DNA hupoteza hesabu, kama mtu anayehesabu shanga za rangi moja. Mhakiki akiwepo anarekebisha. Akikosekana, herufi moja inaongezeka au kupungua, na kuanzia hapo usomaji wote unateleza: protini inapata mkia mpya ambao mwili haujawahi kuuona tangu kuzaliwa. Mikia hiyo ikikatwa vipande na kupangwa juu ya masinia, seli T hazihitaji darubini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulizihesabu tofauti hizo. Saratani zilizokosa wahakiki zilikuwa na wastani wa mabadiliko 1,782. Zilizokuwa nao zilikuwa na 73. Wagonjwa wa utumbo mpana waliopewa pembrolizumabu, moja ya dawa hizo za kuzuia PD-1, katika kundi la kwanza waliitikia 4 kati ya 10. Katika kundi la pili, hakuna hata mmoja kati ya 18. Tarehe 23 Mei 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa saratani yoyote yenye kasoro hii, bila kujali imeanzia kiungo gani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa idhini ya namna hiyo. Mwaka 2022 madaktari wa Memorial Sloan Kettering, New York, wakaripoti wagonjwa 12 wa saratani ya puru yenye kasoro hiyo hiyo waliopewa dostarlimabu, nayo dawa ya kuzuia PD-1, peke yake. Kwa wote 12 uvimbe ulipotea, bila kisu wala mionzi.

Lakini kundi hilo lenye bahati ni dogo. Saratani zilizokosa wahakiki ni takriban 15% ya saratani za utumbo mpana kwa jumla, na zikishasambaa mwilini hubaki kama 5% tu. Kushuka huko kwa idadi kwenyewe kunasema jambo: uvimbe wenye vipande vingi vya kuonekana hupata taabu zaidi kusafiri, kwa kuwa kinga iko nyuma yake.

Mabadiliko ya aina ya G12D mara nyingi hukaa kwenye kundi la pili, kundi la wahakiki walio kazini na makosa machache. Na KRAS hairidhiki kukaa kimya. Mwaka 2019 watafiti wa MD Anderson, Houston, wakitumia panya, walionyesha kwamba KRAS G12D humkandamiza msimamizi mmoja wa jeni aitwaye IRF2, na akishakandamizwa, uvimbe hutoa wito wa kemikali unaokusanya seli za kuzipoza seli T. Ukiongeza njia ya WNT, mfululizo wa amri za ukuaji ndani ya seli, ambayo katika saratani nyingi za utumbo mpana huwashwa na kuharibika kwa jeni ya APC, na ambayo tafiti zimeihusisha na uvimbe wenye seli T chache, unapata uvimbe ambao ukiukata na kuutazama kwa hadubini unaona askari wachache, au wamesimama pembezoni hawaingii.

Ndiyo maana kwa miaka mingi saratani hizi ziliitwa baridi, kana kwamba kinga haizijui kabisa. Sikubaliani na neno hilo likitumiwa hivyo. Timu hiyo hiyo ya Bethesda ilichunguza wagonjwa 75 wa saratani za mfumo wa chakula, na kwa 62 kati yao, yaani 83%, ilizikuta seli T zinazotambua angalau kosa moja la jeni la saratani zao. Askari wanaijua. Ni wachache, wamechoka, wamezuiwa mlangoni, lakini wanaijua. Tena shabaha walizozitambua zilikuwa za kila mgonjwa peke yake, isipokuwa moja tu iliyojirudia kwa mgonjwa zaidi ya mmoja: KRAS G12D juu ya HLA-C*08:02.

Kile kilichorudi

Turudi sasa kwa mama yetu na kivimbe kilichokatwa.

G12D ilikuwa bado imo. Mtu angeweza kutarajia kwamba saratani imelibadilisha kosa lile ili kukwepa shambulio, lakini haikuweza kulitupa kwa urahisi: swichi ile ndiyo injini yake. Kilichopotea ni kipande cha kromosomu ya 6 kilichobeba jeni ya HLA-C*08:02. Mchuuzi bado ana bidhaa ile ile ghalani, ila sinia amelitupa. Seli T za koo zote nne zilipopita, hazikuona kitu.

Ni vizuri kuwa waangalifu na lugha hapa. Saratani haikufikiri wala haikupanga. Inapogawanyika hupoteza na kurudufu vipande vya kromosomu ovyo, na seli chache zilizolikosa sinia lile zingeweza kutokea wakati wowote, na zisipate faida yoyote kwa hilo. Zilipoingia seli T bilioni 111, kila seli ya saratani yenye sinia ikawa hatarini, na isiyo nalo ikabaki peke yake uwanjani na nafasi tele ya kukua. Tiba ndiyo iliyochuja. Vivimbe vingine sita havikuwa na mbegu ya namna hiyo, au havikuwa nayo ya kutosha. Hivyo ndivyo ninavyoelewa sita dhidi ya moja.

Msomaji aliyesoma baiolojia atauliza: je, zile seli za kinga ziitwazo NK, ambazo huua seli zisizoonyesha masinia, zilikuwa wapi? Swali ni zuri. Kivimbe kile hakikupoteza masinia yote, kilipoteza yale ya upande mmoja wa urithi. Yale ya mzazi mwingine yalibaki, na masinia yaliyobaki yanaweza kutosha kuzituliza seli za NK. Kuficha kwenyewe kulikuwa kwa kiasi.

Linganisha na saratani zilizokosa wahakiki. Huko jeni ya B2M, inayotengeneza mguu unaosimamisha masinia yote ya A, B na C, huharibika mara nyingi, kwa sababu nayo ina herufi zinazojirudia. Ungetarajia dawa za PD-1 zishindwe kabisa kwa wagonjwa hao. Hazishindwi, wengi wao huitikia. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walichapisha kwenye jarida la Nature ushahidi kwamba katika saratani hizo kazi hufanywa na aina nyingine ya seli T, gama-delta, ambazo hazihitaji sinia la HLA. Uvimbe wenye makosa mengi unaposhambuliwa, huitwa vikosi vya kila aina, na kimoja kikipofuka kingine kinaendelea. Kwa mama yetu kikosi kilikuwa cha aina moja, chenye jicho moja. Kupotea kwa sehemu moja ya kromosomu kulitosha kulifumba.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaokisoma kisa hiki kama hadithi ya tiba iliyofaulu kwa sehemu. Kwangu mimi kivimbe cha saba ndicho ushahidi wenye uzito kuliko vile sita. Vivimbe vikinywea, mtu mwenye shaka anaweza kusema labda ni kemo, labda ni IL-2. Lakini kimoja kinaporudi huku kimepoteza sinia lile lile ambalo seli zile zinalitegemea, shaka inakosa pa kukaa: zilikuwa seli T, kwa kupitia kipande kile, juu ya HLA ile. Saratani yenyewe ilitia sahihi.

Waliofuata

Kivimbe kilipotolewa kwa upasuaji, mgonjwa hakuwa na dalili nyingine ya saratani hadi taarifa ilipochapishwa.

Vipokezi vya seli zake T navyo havikuishia kwake. Tran alihamia Portland, Oregon, na mwaka 2022 yeye na wenzake waliripoti mgonjwa mwingine, mwenye saratani ya kongosho iliyosambaa mapafuni, ambaye naye alikuwa na KRAS G12D na HLA-C*08:02. Hawakuzitafuta seli ndani ya uvimbe wake. Walichukua seli T kutoka kwenye damu yake, wakazipandikizia jeni za vipokezi viwili vilivyotokana na yule mwanamke wa utumbo mpana, wakazirudisha. Baada ya miezi sita saratani ilikuwa imepungua kwa 72%. Mgonjwa wa pili aliyepewa tiba ya namna hiyo hakupata nafuu.

Kwa anayetaka kujua habari hizi zinamgusa vipi mgonjwa wa kwetu, jibu la karibu liko kwenye wale wahakiki wanne kuliko kwenye seli bilioni 111. Kupima kama protini za MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2 zipo hufanyika kwa kupaka rangi maalumu kwenye kinyama kile kile ambacho mpatholojia amekwisha kukikata, bila kuhitaji mashine ya kusoma jeni zote. Matokeo yake hubadilisha mpango wa tiba, na kama kasoro ni ya kurithi, hubadilisha pia ushauri kwa ndugu wa damu. Ni swali ambalo mgonjwa au mtoto wake anaweza kumuuliza daktari kabla kemo haijaanza.

Tiba ya seli T dhidi ya KRAS yenyewe inadai vipimo viwili kwa pamoja: kosa lililomo kwenye uvimbe, na aina ya HLA aliyozaliwa nayo mtu. Aina za HLA hutofautiana sana kati ya watu wa asili mbalimbali, na masinia ya watu wa Afrika ni ya aina nyingi mno huku yakiwa yamesomwa kidogo kuliko ya Wazungu. Wanaotafuta vipokezi vipya vya G12D sasa wanawinda kupitia masinia zaidi ya C*08:02, na wengine wanataka kumpa mgonjwa seli zinazolenga vipande viwili juu ya masinia mawili yaliyorithiwa kwa wazazi tofauti, ili kromosomu moja ikipotea, ile nyingine ibaki ikionyesha.